Mgeni Asiyekunywa Laban

Khawla binti Hamoud alikuwa na uchu mmoja tu duniani, nao haukuwa wa dhahabu wala wa nguo: alikuwa na uchu wa lugha za watu. Kazaliwa nao. Miaka ya tisini, wazee wake walipokuwa bado wamepanga fleti Ruwi, Maskati, akitumwa kwa fundi cherehani wa Kimalabari kupeleka kitambaa, anarudi na Kimalabari. Akitumwa kwa jirani Mbalushi kuomba chumvi, chumvi anaisahau huko huko, anarudi na Kibalushi. Nyumbani walisema Kiswahili cha Unguja, skuli Kiarabu, na Kiingereza akakiokota kwenye televisheni. Mama yake, Bi Mahbuba, akiwaambia mashoga zake, "Watoto wa wenzangu wanakusanya wanasesere, huyu wangu anakusanya maneno ya watu."

Basi akakua hivyo hivyo. Walipohamia nyumba yao wenyewe Al Amerat, nyuma ya milima, alikuwa kigoli, na haukupita muda akaingia chuo kusoma nini? Lugha. Mwaka wa pili mwalimu mmoja mgeni aliandika ubaoni maneno manne ya Kizulu: abantu, inyama, inyoka, imbuzi. Darasa zima kimya. Khawla peke yake akaangua kicheko, maana aliyaelewa yote kabla hajafundishwa hata moja. Watu, nyama, nyoka, mbuzi! Hee, hawa si jamaa zetu hawa? Tangu siku hiyo Kizulu kikamkaa rohoni, kutoka hakitoki.

Mungu naye humpa amtakaye. Chuo kikatangaza kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha Durban. Msichana wa huko angekuja Maskati kusoma Kiarabu muhula mmoja, akae nyumbani kwa mwenziwe. Muhula unaofuata mwenziwe angekwenda Durban kusoma Kizulu, akae nyumbani kwa yule mgeni. Khawla aliomba nafasi, akapata. Ikabaki ruhusa ya baba tu, na hiyo "tu" ndiyo iliyokuwa mlima.

Bwana Hamoud alikuwa mtumishi wa wizara, mtu wa maneno machache, aliyetoka Unguja akiwa kijana. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Ehe. Mbuzi wanamwitaje?"

"Imbuzi, baba."

"Na nyama?"

"Inyama."

"Sasa unakwenda safari yote hiyo kusoma kitu unachokijua?"

Bi Mahbuba alicheka mpaka akapaliwa. Lakini Bwana Hamoud hakuwa akitania sana. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Watu hao mie siwajui, na nyumba ya watu hujulikana kwa mtoto waliyemlea. Mgeni aje kwanza, nimtazame. Nikimwona ana adabu, n'tajua nakupeleka kwa watu. Nikimwona hana, habari ya Durban usinitajie tena."

Ndiyo hivyo. Safari ya Khawla ikawa imefungwa kwenye shingo ya msichana ambaye hajapata hata kumwona.

Thandeka alifika Septemba mwaka 2004, mrefu, mwembamba, na kicheko kinachosikika mpaka kwa jirani. Alilelewa na bibi yake, anayemwita gogo, huko milimani Eshowe, kabla ya kwenda mjini kusoma. Usiku wa kwanza wasichana hawakulala. Khawla akagundua kwamba Thandeka maana yake ni mwenye kupendwa, na Mahbuba kwa Kiarabu maana yake ni hiyo hiyo. Asubuhi Bi Mahbuba kuambiwa, akamkumbatia mgeni wake akamtangaza kuwa somo yake. Kwa mama, kazi ikaisha siku ile ile.

Kwa baba ndiko mambo yalikoharibika.

Katika nyumba ile, na katika nyumba zote za jamaa zao, mtu mzima akiingia watu husimama. Wanamwamkia, wanambusu mkono, ndipo wakae. Jioni ile Bwana Hamoud, ambaye alikuwa bado hajamwona mgeni, alirudi kutoka kazini, akaingia ukumbini. Khawla akasimama. Bi Mahbuba akasimama. Thandeka, ambaye alikuwa amesimama tangu mwanzo akitazama picha ukutani, akakaa! Tena si kwenye kiti, bali chini zuliani, pu! Na macho akayazamisha kwenye zulia asiyainue tena. Bwana Hamoud akamwambia, "Karibu, binti." Thandeka akaitikia kwa sauti ndogo, akilitazama zulia.

"Mchovu," Khawla aliwahi kumtetea. "Safari ndefu, baba."

"Apumzike," alisema Bwana Hamoud, lakini nyusi zake zilikuwa zimeshakutana.

Kesho yake mchana ikaja balaa kubwa zaidi. Bi Mahbuba alikuwa na sifa moja Al Amerat nzima: laban yake. Hayo ni maziwa ya mgando mepesi, ya kunywa na wali na samaki. Wengine walinunua dukani. Yeye aliletewa maziwa ya ng'ombe wa jamaa zake wa Barka, akayagandisha na kuyapiga mwenyewe, akatia na chumvi kidogo. Akammiminia mgeni gilasi ya kwanza, kabla hata ya mumewe. Thandeka akaipokea kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko, akashukuru kwa upole wote, kisha akaiweka mezani. Hakuigusa. Akala wali, akala samaki, akasifu achari. Laban ikabaki. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu, mama aliposema labda ni chumvi, akamtengenezea isiyo na chumvi. Wapi!

"Mgeni asiyekusimamia, asiyekutazama usoni, na maziwa yako hayanywi," alisema Bwana Hamoud wiki ile ilipokwisha. "Khawla, mie sina la kuongeza."

"Ana miezi bado, baba."

"Haya. Nnamtazama."

Ukitoa hilo, jamani, muhula ule ulikuwa raha tupu. Khawla alimfunza Thandeka Kiarabu cha mitaani, na Kiswahili kikaingia chenyewe bila kukaribishwa. Thandeka akamlipa kwa Kizulu. Walipita njia ya Wadi Adai kila asubuhi ndani ya Corolla kuukuu ya Bi Mahbuba, wakitaja kila wakionacho kwa lugha tatu. Pwani ya Qurum, Thandeka aliangalia majumba na magari, akauliza mbona hakuna anayetembea, na watu wa hapa miguu walipewa ya nini. Siku hiyo wakatembea kwa miguu mpaka ndala ya Khawla ikakatika, na magari mawili ya watu wema yakasimama kuwauliza kama gari lao limeharibika.

Vigumu vilikuwa vile vidoko vya Kizulu. Kuna herufi zao tatu ambazo hazitamkwi bali hudokolewa kwa ulimi, na Khawla alifanya mazoezi popote alipokuwa. Mchana mmoja Bi Mahbuba akaita kutoka jikoni, "Khawla, hebu n'oshee sufuria hii." Akajibiwa, "Ts!"

"Alaa! Unanifyonya mie, mamako?" Mwiko ukawa juu.

"Mama, wallahi ni herufi! Ni herufi ya Kizulu!"

"Basi herufi hiyo kaisomee uwanjani! Humu ndani mwangu hapana herufi ya kunifyonya!"

Thandeka akaja mbio, akazipiga zote tatu mfululizo ili kumwokoa mwenziwe. Bi Mahbuba akashusha mwiko. Akaomba arudiwe ile ya mwisho. Akaijaribu. Haikupita saa akawa anaipiga vizuri zaidi ile ya q, inayolia kama kizibo kinapong'oka chupani, kuliko Khawla mwenyewe, na akawapigia simu mashoga zake wawili kuwasikilizisha.

Mwengine aliyeupenda muhula ule ni Osama, kaka yake Khawla, aliyekuwa akifanya kazi Sohar. Zamani alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi, tena kwa kuvutwa. Sasa kila Jumatano jioni, wiki ya kazi ikiisha, gari lake lilikuwa mlangoni, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na udi unatangulia kabla hajaingia. Eti amewakumbuka wazee. Bi Mahbuba alimtazama, akatikisa kichwa.

Desemba ikaingia. Mwisho wa Januari Thandeka angeondoka, na baba alikuwa hajasema neno. Mgeni amejifunza Kiarabu, amejifunza kukanda mkate, lakini mzee akiingia bado anakaa chini, macho bado kwenye zulia, gilasi ya laban bado inarudi jikoni imejaa. Khawla alikwisha jiona Durban inampita. Tena uchungu mbaya ukamwingia, akaanza kumkasirikia rafiki yake kimoyomoyo: mtu gani huyu hajali?

Alhamisi moja Osama aliwapeleka Yiti kununua samaki. Yeye akabaki kwenye gari akipatana bei na wavuvi, wasichana wakaenda kukaa kwenye mawe, bahari ya kijani miguuni na milima mikavu mgongoni. Thandeka ndiye aliyeanza.

"Khawla, baba yako ananichukia?"

"Mie ndiye nikuulize weye kwa nini unamdharau!"

Thandeka alimkodolea macho. "Namdharau? Mimi? Nimefanya kila kitu kama gogo alivyonifunza! Akiingia najishusha upesi, nisije nikasimama juu ya kichwa chake kama mtu asiye na mama. Macho siyainui hata kidogo. Nyinyi ndio mlionitia hofu siku ya kwanza. Mzee kaingia, nyote mmemsimamia! Nikajua leo kuna ugomvi."

Kicheko kikampanda Khawla kutoka tumboni, na Thandeka naye, wakacheka mpaka machozi, mpaka Osama akapiga honi kuuliza kuna nini. Miezi yote ile mgeni na mzee wakipigana heshima, kila mmoja akidhani katukanwa!

"Na laban je?" Khawla aliuliza, akifuta macho.

"Hiyo ni nyingine. Chuoni nakunywa ya dukani kama kila mtu. Lakini maziwa ya nyumba, yaliyogandishwa na mama wa nyumba, ni ya watoto wa nyumba. Mgeni hayagusi mpaka mwenye nyumba mwenyewe aseme huyu ni wetu. Wenzangu wengi wa mjini hawajali tena. Mimi nimelelewa na gogo."

"Basi n'tamwambia baba aseme!"

"Hapana, Khawla. Usimwambie hata mama. Neno hilo haliombwi. Likiombwa halina maana."

Khawla akaahidi. Hayo mengine alimweleza baba yake jioni ile ile, maneno yakikanyagana: kukaa kwao ndiko kusimama kwetu, kuinamisha macho ndiyo heshima, baba, ndiyo heshima! Bwana Hamoud alikuwa akisoma gazeti. "Kila mkosa adabu akiulizwa husema ni mila yao," alisema, akageuza ukurasa. Khawla akaenda chumbani akalia.

Ikabidi waje na dawa nyingine: Thandeka ajifunze kusimama. Walifanya mazoezi chumbani, Khawla akijifanya baba, akiingia na kukohoa. Thandeka alisimama, akakaa, akasimama tena nusu, magoti yamepinda, hajui yuko wapi. Lakini akaweza. Januari ilipoingia, Bwana Hamoud akipita mlangoni Thandeka alikuwa amesimama wima, macho yakipanda mpaka kwenye ndevu zake na kushuka tena. Mzee aliitikia salamu. Zaidi ya hapo hakusema.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari ya Thandeka, watu walikuwa wametandika sofra chini ukumbini, chakula kimeshapakuliwa. Osama yupo, udi wake upo. Thandeka alikuwa amesimama na jagi la laban mikononi akisaidia kupanga. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia ami Thabit.

Ami Thabit alikuwa kaka mkubwa wa Bwana Hamoud, tajiri, mkaazi wa Qurum, mtu wa sauti. Neno lake katika ukoo lilikuwa kama mhuri. Wote wakasimama. Na Thandeka, kwa kushtuka, mazoezi yote yakamruka: mzee mgeni kaingia, mwili ukamsikiliza gogo. Akakaa chini pu! na jagi lake kifuani, macho chini.

"Hamoud!" ami Thabit alisema, hata hajapewa mkono. "Huyu mgeni wenu vipi? Watu wazima tumesimama, yeye kajikalia? Na kutazama hatutazami, utasema kaiba. Miezi yote hiyo hamkumfunza adabu? Na kwa watu hawa ndiko unakotaka kumpeleka binti yako?"

Khawla aliyatambua maneno. Hayo hayo! Neno kwa neno, ndiyo yaliyosemwa na baba yake. Na baba hakupata kumpinga kaka yake tangu Khawla kuzaliwa. Kwaheri Durban.

Bwana Hamoud alimbusu kaka yake bega, akamwonyesha mahali pa kukaa. Kisha akasema, taratibu, "Kaka, kwao mtoto hamsimamii mtu mzima kichwani. Mkubwa akiingia, mdogo hujishusha. Na kumkodolea mzazi macho kwao ni ufidhuli. Sisi tumekusimamia kwa heshima, yeye kakukalia kwa heshima hiyo hiyo. Alikuwa kesha jifunza ya kwetu, weye umemshtua. Mwacha mila ni mtumwa, kaka. Huyu hakuacha yake na ya kwetu kaichukua."

"Hayo nani kakwambia?"

"Mwanangu kanambia," alisema Bwana Hamoud. "Nikajidai simsikii."

Khawla aliitazama sofra, sahani zote zikimchezea machoni.

"Hata hivyo," ami Thabit aliendelea, maana hakuzoea kushindwa, "mgeni ni mgeni, afuate..."

"Huyu si mgeni!" Sasa sauti ya Bwana Hamoud ilipanda, mpaka Bi Mahbuba akashika kifua. "Huyu ni mtoto wangu kama Khawla alivyo mtoto wangu, na nyumba hii ni yake. Anayemsema huyu kanisema mie!"

Ami Thabit mwenyewe alikaa bila kuambiwa mara ya pili, na wengine wakaizunguka sofra.

Thandeka, ambaye Kiswahili alikuwa akikisikia vizuri sana sasa, aliinua macho. Akamtazama Bwana Hamoud usoni, barabara, kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Kisha akachukua gilasi, akamimina laban kutoka kwenye jagi aliloshika, akaishika kwa mikono miwili, akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka chini, akabaki na masharubu meupe.

"Kanywa!" Bi Mahbuba alipiga kelele. "Jamani, kanywa!"

"Kanywa laban," alisema ami Thabit. "Kuna ajabu gani? Hata mie nnaitaka."

Bwana Hamoud alikuwa akimtazama binti yake. "Khawla. Hii nayo ina maana?"

"Ina, baba." Khawla alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Alinikataza kusema. Kwao maziwa ya nyumba ni ya watoto wa nyumba. Hakuyanywa kwa sababu hakuna aliyemwambia ni mtoto wa hapa. Sasa umesema. Akishayanywa basi, weye ni babake kweli, na mama ni mamake, na..." Akasita, maana lililofuata ndiyo kwanza limjie na yeye. "Na wanaume wote wa nyumba hii ni kaka zake. Hawezi tena kuolewa humu."

Vichwa vyote vikageuka, kimoja baada ya kimoja, vikamwelekea Osama. Osama alikuwa ameshika tonge njiani. Akalitazama tonge, akamtazama Thandeka na masharubu yake meupe, akavuta pumzi ndefu.

"Angengoja basi angalau nimalize kula," alisema.

Ami Thabit ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Bi Mahbuba, ikawa vurugu. Thandeka alicheka kicheko kile cha kusikika kwa jirani, akamwambia Osama kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Pole, kaka'ngu." Osama naye, masikini, akacheka. Afanye nini?

Bwana Hamoud alichukua jagi kwa mkono wake, akaijaza tena gilasi ya Thandeka, akampa. Kisha, bila kumtazama Khawla, akauliza:

"Na weye huko kwao, maziwa atakupa nani?"

"Bibi yake, baba. Akiona nnastahiki."

"Basi nenda," alisema Bwana Hamoud. "Nenda ukastahiki."

Khawla akamrukia baba yake shingoni, mbele ya ami Thabit, juu ya sofra, mguu mmoja ndani ya sahani ya achari.